Ijumaa Isiyofukizwa

Wajukuu zangu walipokuwa wadogo niliwategea kitendawili hiki: nina mgeni, huja mara moja kila mwezi, siku yake ni ileile, lakini tarehe yake haishikiki. Wakubwa walisema ni mwezi mpevu. Mmoja alisema ni fundi wa mita. Yobana peke yake, ana miaka sita na meno ya mbele hana, ndiye aliyeruka na kusema, "Ijumaa ya kwanza, Bibi!"

Alipata. Ijumaa ya kwanza ndiyo siku ambayo sisi wa soko la Cancha, hapa Cochabamba, tunamfukizia Pachamama, mama ardhi, mbele ya vibanda vyetu ili biashara isilale. Unawasha makaa kwenye chetezo, juu yake unaweka furushi la k'oa: majani makavu yenye harufu, ubani, mafuta ya llama, sufu za rangi, na vipande vya sukari vilivyochongwa kwa umbo la kile unachokiomba. Muuza vipuri anataka lori. Anayepanga chumba anataka nyumba. Na anayefunga mafurushi hayo, kwa safu yetu yote ya vibanda sitini na vitatu, ni mimi, Nicolasa Terceros, mwaka wa arobaini na moja huu.

Sikuwahi kuandika orodha. Shule niliiacha darasa la tano, nikiwa najua kusoma herufi kubwa na kuandika jina langu lote kwa mwandiko wa kuunganisha, na mkia chini yake kama mwalimu alivyotufundisha. Mengine yote nilihifadhi kichwani. Nani hufukiza Ijumaa, nani Jumanne kwa sababu mumewe ametoka La Paz, ambako siku yao ndiyo hiyo. Nani anaye mkwe mlokole, kwa hiyo furushi lake lifungwe kwenye gazeti lisionekane. Sokoni walikuwa wakisema, "Ukitaka kujua siku usitazame kalenda, muulize Doña Nico." Sifa hiyo niliila kuliko mkate.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana nikijiachia nitazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tangu Januari mwaka huu kichwa kilianza kuvuja. Nilifika kibanda cha kwanza na kikapu changu siku ya Alhamisi, nikidhani ni Ijumaa. Waliponishangaa nikasema nimepita kusalimia tu, na kikapu ni cha safari nyingine. Februari nilisimama mbele ya mteja wangu wa tangu miaka ishirini na nisikumbuke anaomba nini. Nikampa furushi lililokuwa mkononi, nikaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Sikumwambia mtu. Hata Yobana sikumwambia kweli, yeye ambaye sasa ana miaka ishirini na mitatu na ninaishi naye tangu mama yake aende Hispania kutunza wazee wa watu. Amesomea kompyuta chuo kikuu, cheti kiko ukutani kwenye fremu, lakini kazi hakuwa amepata hata moja.

"Wawa yangu," nikamwambia, maana kwangu bado ni mtoto mchanga. "Wateja siku hizi wanasahau siku zao. Huwezi kuwatengenezea kitu kwenye simu cha kuwakumbusha?"

"Wateja ndio wanaosahau?"

"Wateja."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Haya, Bibi."

Tukaanza. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda karibu nami kibandani, mimi nafunga mafurushi, yeye ana daftari la jalada la buluu. Alisema programu ni kama mtoto mtiifu kupita kiasi: usichomwambia hafanyi, na ulichomwambia atafanya hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo lazima aniulize kila kitu.

"Kufukiza ni kila baada ya siku thelathini?"

"We! Ardhi ina saa ya ukutani? Ijumaa ya kwanza."

"Basi kila baada ya wiki nne."

"Kuna mwezi wa Ijumaa nne na kuna mwezi wa Ijumaa tano, inategemea mwezi umekula nini."

Akacheka, akaandika. Kisha tukafika kwenye Jumanne ya kanivali, siku ambayo soko zima hupambwa kwa riboni na kumwagiwa pombe ya mahindi kwenye pembe nne, na ambayo kila mwaka ina tarehe yake. Alitafuta mpaka akagundua kwamba inahesabiwa kutoka Pasaka kurudi nyuma.

"Kumbe Pasaka ndiyo kigingi," akasema, "hizi nyingine ni mbuzi waliofungwa kamba hapo."

"Sasa unaelewa," nikamjibu, kama vile mimi ndiye niliyemfundisha.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila kanuni ukurasa wake: swali juu, jibu chini. Alinisomea kwa sauti, kisha akanipa kalamu. "Sahihi yako, Bibi. Nisije nikawa nimekusikia vibaya." Nami niliweka sahihi, jina lote, na mkia. Siwezi kusema nilivyoipenda kazi hiyo. Maneno ya ujumbe wenyewe nilitunga mimi. Saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa ya kwanza simu za wateja zingelia na kuandika: Kitendawili! Nani ana njaa leo na hana mdomo? Mama Ardhi. Washa makaa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na swali hili: Je, kuna Ijumaa ya kwanza ambayo haifai kufukiza?

Nakumbuka vizuri alivyoliuliza. Kulikuwa na kitu. Kama mtu anayebisha hodi mlango wa nyuma wakati wewe uko mbele na wageni. Nilijua kuna mtu pale, nikageuza kichwa, nikatafuta jina lake, hakuna. Na Yobana alikuwa amenitazama tena vile, na kalamu imesimama. Ningeweza kusema, ngoja nifikirie. Ningeweza kusema, nimesahau, tuwaulize wenzangu. Maneno mepesi hayo, mtoto wa chekechea anayasema.

"Hakuna," nikasema. "Andika hakuna."

"Una uhakika, Bibi? Hata sikukuu?"

"Miaka arobaini na mmoja, msichana! Mwezi una Ijumaa ya kwanza, ardhi ina njaa. Lete kalamu."

Nikaweka sahihi. Mkia niliuvuta mrefu kuliko siku zote.

Machi kila kitu kilikwenda kama siagi kwenye kikaango. Simu sitini na tatu zililia, wanawake wakategeana kile kitendawili kutoka kibanda hadi kibanda, wakacheka. Doña Casilda Montaño, muuza sufuria na mwenyekiti wa chama cha safu yetu, alikuja mwenyewe.

"Binti," akamwambia Yobana, "hiki ndicho chama kinachohitaji. Mikutano yetu, zamu za kufagia mtaro, kwenda manispaa kufanya upya vibali, maandalizi ya sikukuu ya Bikira mwezi wa nane. Kila mwaka tunasahau kimoja, halafu tunashikana nywele. Nitakuingiza kwenye ajenda ya mkutano wa Aprili. Wakikubali, utakuwa mtunza ratiba wetu."

Ingekuwa kazi yake ya kwanza. Aliporudi kukaa kwenye kigoda alikuwa anafunga mafurushi pamoja nami, akicheka peke yake, na mafundo yote yakafunguka.

Aprili ya mwaka huu Ijumaa ya kwanza iliangukia Ijumaa Kuu.

Mtu ataniuliza, hukuliona? Nilikuwa najua ni Ijumaa Kuu, nilikuwa nimeloweka samaki wa chumvi tangu Jumatano kwa ajili ya vile vyakula kumi na viwili visivyo na nyama tunavyokula siku hiyo. Na nilikuwa najua ni Ijumaa ya kwanza, mafurushi nilikuwa nimeyafunga, Yobana ameyagawa mapema kwa sababu ya mapumziko. Yote mawili yalikuwa kichwani mwangu, kila moja kwenye chumba chake, na mlango wa kati umefungwa.

Ulifunguka saa kumi na mbili asubuhi, simu ya Yobana ilipolia mezani karibu na sufuria: Kitendawili! Nani ana njaa leo na hana mdomo?

Mwiko uliniponyoka.

Siku ile Mungu amekufa, na ardhi iko matangani. Mtu halimi, hapigi msumari, hashiki hata sindano, asije akamchoma mfiwa. Kumfukizia Pachamama siku ile, na sukari za rangi na malori na nyumba, ni kama kuingia msibani na keki ya harusi. Ijumaa ya kwanza ikiangukia Ijumaa Kuu, k'oa inasogezwa Ijumaa inayofuata. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga viatu.

Wazee wa safu waliposoma ule ujumbe waliguna wakazima simu. Lakini wale vijana, wauza vifuniko vya simu na soksi, walikuwa wamefungua vibanda nusu siku. Waliona Doña Nico kasema washa makaa, wakawasha. Vibanda kumi na tisa. Watu waliokuwa wakipita na vitabu vya sala kwenda kupanda kilima cha vituo vya msalaba walikuta safu yetu inafuka moshi mtamu kama sikukuu ya kanivali.

Jumamosi asubuhi walikuja kibandani kwangu. Mbele alikuwa Doña Filo, muuza viazi, mwenye sauti ya kupasua gunia.

"Nico! Toka huko nyuma ya mafurushi yako! Miaka arobaini na mmoja yote hiyo, halafu unatuletea moshi msibani? Shemeji yangu wa Tarata aliniuliza, safu yenu imegeuka ya wapagani au ya wajinga? Nikamwambia chagua mwenyewe!"

"Filo, taratibu," akasema Doña Casilda. Yeye hapigi kelele, na ndiyo maana anaogopwa. "Doña Nico, hatukuja kugombana. Tuna swali moja. Aliyeiambia programu ifukize jana ni nani?"

Watu walikuwa wamejaa, maana Jumamosi ya Pasaka soko halina pa kukanyaga. Wateja wamesimama na vikapu vyao. Yobana alikuwa pembeni yangu, na daftari la buluu kifuani, amelikumbatia kama anavyolikumbatia kila siku.

Nami nikafungua mdomo.

"Mimi nilimwambia," nikasema. "Nilimwambia Ijumaa Kuu hatufukizi. Vijana wa siku hizi, unawaambia neno, linaingia sikio hili, linatokea lile."

Nilisikia maneno yakitoka, mazuri, laini, kama mafundo yaliyozoea vidole. Sikumtazama. Nilitazama daftari. Lilikuwa mkononi mwake, angelifungua ukurasa wa mwisho tu na jina langu lote lingewatazama, na mkia wake mrefu.

Hakulifungua.

"Samahani, Doña Casilda," akasema. "Ni kosa langu."

"Ohoo! Chuo kikuu kizima," Filo akapaza sauti kwa ajili ya wenye vikapu, "na Ijumaa Kuu haimo! Mlikuwa mnasoma nini huko, binti, majina ya mbwa?"

Wakacheka. Doña Casilda hakucheka. Alisema suala la Yobana litabaki kwenye ajenda kwa sababu limeshaandikwa, lakini asitegemee sana.

Wiki ile sijui niieleze vipi. Yobana aliandika ujumbe wa kuomba radhi kwa watu sitini na watatu, chini akaweka jina lake. Alipopita kwenye safu walimwita Injinia wa Ijumaa. "Injinia! Kesho ni siku gani, au bado unahesabu?" Muuza soksi, ambaye mwenyewe aliwasha makaa bila kufikiri, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Na mimi nilikuwa nakaa palepale nafunga sufu nyekundu na sufu ya njano, nasikia kila neno. Kila jioni alinipakulia supu ya karanga mimi kwanza kama kawaida, na viazi vya kukaanga juu yake, vile vyembamba ninavyovipenda. Nilitaka kusema. Mdomo ulijua neno moja tu.

"Umekula?"

"Nimekula, Bibi."

Alikuwa hajala.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa ndiyo ya kufukiza. Alasiri Yobana aliweka chetezo mbele ya kibanda chetu, akapanga makaa, akatafuta karatasi ya kuwashia. Akatoa moja mfukoni mwa sketi, imekunjwa mara nne. Akaiwasha pembeni, akaisukuma chini ya makaa. Ilipojikunjua kwa moto niliona mstari wa wino, umevutwa mrefu, unakimbia kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine.

Sikufikiri. Niliingiza mkono.

"Bibi! Utaungua!"

Niliipiga kwenye sketi yangu mpaka ikazimika. Nusu ya juu ilikuwa imeliwa. Ilibaki: hakuna. Na chini yake: Nicolasa Terceros.

"Hii ni nini?"

"Karatasi tu."

"Ina jina langu."

"Ndiyo maana," akasema.

Akachukua mkono wangu, akaanza kunipuliza vidole, kama nilivyompuliza yeye alipoanguka kwenye ngazi za kanisa.

"Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Ungekaaje hapa, Bibi? Mimi naweza kutafuta kazi kwingine. Wewe una Cancha tu."

Hakulisema kwa uchungu. Angelisema kwa uchungu ningeweza kumjibu, mimi ni mjuzi wa kujibu. Alilisema kama anavyosema bei ya ubani. Nilikaa kwenye kigoda na mkono wangu, moshi wa majirani unapanda pande zote, na nikajua kwamba mtoto huyu tangu Januari alikuwa anajua ni nani anayesahau. Alinitengenezea programu akijua ni ya kumkumbusha nani.

Mkutano ulikuwa Jumatatu, saa tisa, kwenye ukumbi mdogo wa chama juu ya maduka ya sufuria. Yobana alisema haendi, hakuna haja ya kwenda kusikia neno hapana. Nikamwambia anisindikize kwenye ngazi tu, goti linauma. Goti halikuuma. Huo nao ulikuwa uongo, lakini huo siuonei haya.

Walimaliza suala la mtaro, wakagombana kuhusu taa, kisha Doña Casilda akasema, "Ajenda ya tano, ratiba ya simu."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema wazi. Siku tatu nilikuwa nimejisomea maneno. Lakini niliposimama na kuona nyuso zote zile, mdomo ukakimbilia kwenye kichaka chake cha siku zote.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakajibu wote, kwa mazoea tu. Wengine walishaanza kutabasamu.

"Nina kisima kilichonywesha safu nzima. Sasa kinavuja kwa chini, na mwenyewe anasimama juu ya tope watu wasilione."

"Tangi la manispaa!" akasema mmoja.

"Mume wa Doña Filo!" akasema mwingine, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Wangu hajawahi kunywesha mtu," Filo akajibu. "Tumeshindwa, Nico. Tukupe mji?"

"Mpe mji!"

"Chukua Quillacollo!" akasema Filo. "Na kanisa lake na foleni zake zote. Haya, tumekupa Quillacollo, toa jibu."

Nilikuwa na ile karatasi kwenye shali. Niliitoa, ikadondosha majivu sakafuni.

"Sitaki Quillacollo," nikasema. "Kisima ni kichwa changu."

Kicheko kikafa polepole, wa nyuma ndio wa mwisho.

"Yobana aliniuliza. Aliniuliza, kuna Ijumaa ya kwanza isiyofaa? Akaniuliza tena, hata sikukuu? Nikasema hakuna. Nikaweka sahihi, hii hapa. Nilikuwa nimesahau, na nikaona haya kusema nimesahau. Halafu mbele yenu nikasema nilimwambia. Sikumwambia. Alikuwa na karatasi hii mkononi Jumamosi ile, na ninyi mnamcheka, akanyamaza."

Nilimtafuta Yobana. Alikuwa mlangoni, amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Nilingoja wanipigie kelele. Nilitaka wanipigie. Badala yake Doña Filo akashusha pumzi kama gunia linalotuliwa.

"Ee Nico. Unadhani hatujui? Februari uliniletea lori la sukari. Mimi nauza viazi, lori la nini? La muuza vipuri. Nikaenda kubadilishana naye, kumbe yeye ana fungu la muuza vitambaa. Tulizunguka safu nzima kama watoto wanaobadilishana picha za wachezaji mpaka kila mtu akapata lake. Tulikubaliana usiambiwe."

"Wote?"

"Wote. Hata yule mwenye mkwe mlokole, na furushi lake lilikuwa wazi hivihivi!"

Baadhi wakacheka, kwa upole safari hii. Upole ule ulinichoma kuliko makaa. Nilikuwa nimemtupa mtoto wangu kwenye matope ili nifiche kitu ambacho safu nzima ilikuwa inanifichia.

Doña Casilda aligonga meza kwa kalamu. "Doña Nico. Kusahau ni kwa Mungu, hakuna wa kukulaumu. Kumbebesha binti huyu, hilo ni lako."

"Ni langu."

"Kaa."

Nikakaa. Walimwita Yobana mbele, wakamuuliza maswali, naye alijibu kwa sauti ndogo iliyokuwa inapanda kidogo kidogo. Filo alimwambia, "Injinia, nisamehe yale ya mbwa," na muuza soksi alitazama dari. Kisha mikono ikainuliwa. Walimkubalia mpaka sikukuu ya Bikira, Agosti, waone. Kwa sharti moja, aliloandika Doña Casilda mwenyewe: kila kanuni ya programu iwekwe sahihi na wazee wawili wa safu. Hakulitaja jina langu, wala halikuhitaji kutajwa. Miaka arobaini na mmoja neno langu lilitosha peke yake.

Tulipokuwa tunashuka ngazi Yobana alinishika mkono wa upande wa goti.

"Ungeniambia tu, Bibi."

"Ndiyo."

"Ningeongeza kitufe. 'Sijui bado.' Ni kazi ya dakika tano."

Nikashuka ngazi zilizobaki nikizihesabu dakika hizo tano.

Kesho yake alasiri alikuja na daftari la buluu. Ile karatasi iliyoungua ameibandika mahali pake, na mimi ninapofungua daftari hugeuza macho. Akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, nimeangalia mwezi ujao. Ijumaa ya kwanza ni Mei Mosi. Sikukuu ya wafanyakazi, soko linafungwa. Tunafukiza siku ileile vibanda vikiwa vimefungwa, au tunasogeza?"

Mdomo wangu, walahi, ulikuwa umeshafunguka. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi na kofia yake kichwani, tayari kutoka. Nilisikia tena ile hodi ya mlango wa nyuma. Mwaka mmoja zamani Mei Mosi iliangukia Ijumaa, tulifanya kitu, mama mkwe wangu alikuwa hai. Tulifanya nini?

Nikafunga mdomo. Nikatua sufu chini.

"Sikumbuki, wawa," nikasema. "Twende tukaulize."

Tukaanza na Filo. Alikuwa anapanga viazi vyake kwa rangi, vyeusi huku, vya zambarau huku. Nilisimama mbele yake, Yobana nyuma yangu na kalamu.

"Filo, Mei Mosi ikiangukia Ijumaa ya kwanza, huwa tunafanyaje? Nimesahau."

Akainua kichwa. Akaweka mkono sikioni.

"Umesemaje, mpenzi? Gari limepita, sikusikia."

Hakukuwa na gari.

"Nimesahau," nikasema kwa nguvu zaidi, na muuza soksi akageuka kutazama.

"Ahaa," akasema Filo. "Hata mimi. Nenda kibanda kinachofuata."

Safu yetu ina vibanda sitini na vitatu.